Tumbo la Mwosha Maiti

Mjomba wangu alikuwa akiosha maiti za mji wetu tangu mimi sijazaliwa, na nilipopata nguvu za kubeba maji nikawa mimi ndiye wa kumshikia ndoo. Akimaliza kazi ananawa, anakaa barazani, anakunywa kahawa yake, wala hasemi neno. Watu walikuwa wakimvizia hapo hapo kwenye kahawa.

"Shehe, marehemu hasa alikuwa na nini?"

"Alikuwa na umri."

Marehemu mwingine ni kijana, hata ndevu hazijajaa. Jibu ni lile lile, alikuwa na umri. Hakuna aliyewahi kumchokonoa akapata. Mwili wa mtu ukipita mikononi mwake, siri ya mwili ule imezikwa kabla ya mwenyewe kuzikwa.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia watu wetu, huku tulikotawanyika, wakisema mwosha aliuawa na kansa, basi, imekwisha. Kansa ilikuwapo, sikatai. Lakini ilipata wasaidizi. Mimi shule nilitoka darasa la tatu, kupamba maneno sijui, ila wasaidizi wake nawajua mmoja mmoja, na mmoja wao namwona kila ninaponyoa ndevu. Baadaye vita vilikuja, nikatoka na roho yangu na nguo niliyovaa. Mjomba alikuwa ametangulia, amekufa kitandani mwake, kabla ya risasi ya kwanza. Siku hizi naona hiyo nayo ilikuwa heshima aliyopewa.

Ilikuwa ile miaka gesi ilipopatikana baharini mbele yetu. Magari meupe yalijaa mjini, wageni wakawa wanalala hata kwenye vibanda vilivyokuwa vya mbuzi, kila kijana anatafuta karatasi ya kuonyesha kwamba amesomea kuchomelea vyuma. Barazani hakuna habari nyingine. Mwaka ule ule mjomba akaanza kukojoa damu.

Hakushtuka, na hapa nataka nieleweke. Sisi tuliolima mpunga bondeni, upande wa njia ya Pundanhar, tumekua na mkojo mwekundu. Mtoto wa kiume akikojoa nyekundu, wakubwa wanacheka, wanasema huyu sasa amekuwa mwanamume, atafutiwe mke. Hatukujua kwamba ni kichocho. Hatukujua kwamba mdudu wa maji yale tuliyosimama mpaka magotini anahamia kwenye kibofu na kukikwaruza miaka na miaka. Kwa hiyo mzee aliyepita sabini alipoiona ile damu, alinitania. Sisi tuliitana mjomba, mimi kwake na yeye kwangu.

"Mjomba, ujana umenirudia. Kamwambie shangazi yako ajipake wanja."

Ucheshi ulipomwisha, nilimpeleka hospitali ya wilaya. Mara tatu nilimpeleka. Enfermeiro wa pale, yaani muuguzi, hakumgusa hata kwa kidole. Alimwuliza, mbele ya foleni nzima, mbele ya wakwe zake, kama anatembea na wanawake wa nje. Mzee na kofia yake kichwani! Akampa vidonge vya magonjwa ya zinaa. Mara ya pili vidonge vile vile. Mara ya tatu nikaomba guia, ile karatasi ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa ya Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, siyo kile kisiwa, akasema kitabu cha guia kimekwisha. Kitabu kilikuwa mezani, amekiwekea chupa ya maji juu yake. Nilikiona kwa macho yangu. Huyo ndiye msaidizi wa kwanza.

Njiani kurudi nilikuwa nikitukana mpaka mate yanakauka. Mjomba akanishika mkono. "Yule mtoto hajalala," akasema. "Umemwona macho? Amesimama pale peke yake tangu asubuhi." Mtu ametoka kuvuliwa nguo mbele ya watu, bado anamwangalia aliyemvua kama amelala.

Halafu likaja lile ambalo hata madaktari hawalitegemei. Choo cha mjomba kikawa chembamba, kama mkia wa panya, mwenyewe ndivyo alivyokuja kunieleza baadaye. Kisha kikawa kinakuja baada ya siku mbili. Kisha hakiji. Yeye akatuficha. Alikuwa ameshapunguza maji ya kunywa ili mkojo usimvunjie udhu katikati ya sala, na Jumatatu na Alhamisi alikuwa anafunga kama kawaida yake. Kwa hiyo sisi nyumbani tulipoona tumbo limevimba, tulipata jibu upesi. Mke wangu akasema, "Huyo amekauka. Tumbo la mfungaji hilo, linataka kulainishwa." Kila nyumba ya kwetu ingesema hivyo.

Nikamchemshia sanamaki. Haikufanya kitu. Kesho yake nikaenda sokoni kwa muuza dawa, mtu wa Mtwara, nikanunua mafuta ya mnyonyo, chupa nzima. Nikamnywesha mwenyewe, kijiko baada ya kijiko. "Bismillahi, mjomba, meza." Alikuwa hataki, kichwa anakigeuzia ukutani. Lakini alimeza, kwa kuwa mkono ulioshika kijiko ni wangu.

Mafuta yale yakasukuma, na mbele hakuna njia. Sijapata kuona mtu akiumwa namna ile, na mimi baadaye nimeona mengi. Alitia ncha ya shuka mdomoni akaiuma ili shangazi, mkewe, asisikie. Akatapika, na matapishi yale yalikuwa na harufu ambayo haifai kutoka kinywani mwa mtu. Muuza dawa aliniuzia bila kuniuliza hata swali moja, simsamehi. Lakini kijiko hakukishika yeye.

Adhuhuri ile mjomba alinyoosha mkono akachukua wangu, akauweka juu ya tumbo lake.

"Shika hapa. Likoje?"

"Gumu. Kama ngoma iliyowambwa."

"Shuka chini. Nyuma ya kinena. Bonyeza, usiogope."

Nikabonyeza. Kulikuwa na kitu kigumu, hakisogei, kama kifuu kilichofukiwa mchangani.

"Tumbo hili nalijua," akasema. "Nimelipata mara moja, kwa maiti. Nilimbonyeza kama desturi, polepole, ili kilicho ndani kitoke kabla ya kumtia maji. Hakikutoka kitu. Nikakuta hilo gumu hapo chini. Watu wake walisema amekufa kwa homa. Nikajua huyu hakufa kwa homa, huyu alizibwa."

"Nani huyo, mjomba?"

Akanitazama. Jasho linamtiririka, midomo imekauka, na bado akapata nafasi ya kunicheka. "Alikuwa na umri," akasema. Kisha: "Mimi nimezibwa, mjomba. Usininyweshe kitu tena. Nitafutie gari."

Magari yalikuwa kumi pale sokoni. Moja, jeupe, la watu wanaofanyia kazi kampuni ya gesi, dereva wake nilisoma naye chuo cha Kurani, tumepigwa bakora moja. Nikamweleza. Alikuwa anakwenda Pemba siku ile ile, nyuma hana mtu. Akasema, "Ndugu yangu, seguro hainiruhusu." Hilo neno seguro alikuwa amelijua mwaka ule ule. Maana yake bima, lakini alivyolitamka yeye ungedhani ni aya. Akapandisha kioo. Kule kambini kwao walikuwa na daktari wao na kitanda chao na ndege yao ya kubebea wagonjwa. Shemeji yangu alikuwa mlinzi wa geti, akaniambia nisijisumbue kufika.

Aliyetuchukua ni dereva wa lori lililoleta saruji, Mmakonde wa milimani, mkristo, hatumjui wala yeye hatujui. Alimtandikia mjomba godoro pale mbele, mimi nikakaa nyuma kwenye vumbi la saruji. Barabara ilikuwa imechimbwa na malori hayo hayo mpaka imekuwa kama kitanda cha mto. Tulilala Mocímboa, tukafika Pemba kesho yake alasiri. Kila bonde la barabara mjomba alikuwa akifumba macho, na kila tuliposimama alimwomba dereva radhi kwa ile ndoo ya matapishi.

"Mwanangu, nisamehe kwa harufu."

"Babu, wiki iliyopita nimebeba papa mkavu kutoka Quiterajo, mzigo mzima, na dirisha bovu halifunguki. Wewe ni marashi."

Mjomba akacheka, akashika tumbo, akasema, "Usinichekeshe, utaniua kabla ya daktari." Nilipotaka kumshukuru yule dereva, alikuwa ameshaondoa lori. Mpaka leo sijui kwao ni wapi.

Pemba bila guia hawakutaka kutuandikisha. Tulikaa kwenye benchi mpaka daktari mmoja akapita, mwanamke, mfupi, viatu vya plastiki, akasimama mwenyewe kwa kuliona lile tumbo. Hajui Kiswahili, na Kireno changu ni cha kununulia sigara. Muuguzi mmoja wa visiwani, msema Kimwani, ndiye aliyetutafsiria.

"Doutora anauliza, tumbo lina siku ngapi?"

"Tano."

"Anauliza, upepo unatoka? Gesi?"

Mjomba akasema, "Mwambie kule kwetu gesi yote imechukuliwa na kampuni."

Yule muuguzi akashika ukuta kwa kucheka. Daktari akataka kujua kuna nini, akaelezwa, akacheka naye, na nadhani pale pale ndipo tulipoandikishwa. Mjomba akamwonyesha kwa vidole vyake mwenyewe lile gumu liko wapi, limeanzia wapi, limeishia wapi. Daktari akagusa, akapima kwa mashine yake, akarudi akasema, "Mzee huyu amefundishwa na nani?" Muuguzi akatafsiri. Mjomba akajibu, "Na waliokufa."

Akatueleza, polepole, kama mtu anayemheshimu anayemwambia. Kansa ya kibofu ina njia zake za kawaida: itapanda kwenye figo, itaingia mifupani, itaruka mapafuni. Utumbo kwa kawaida huuacha. Ya mjomba ilitokea nyuma ya kibofu ikauzunguka utumbo wa mwisho kwa nje, ikauvika kama bangili, ikaubana. Alisema katika kazi yake yote amekutana nayo mara moja tu, na huyo naye alikuwa mzee. Kuiondoa haiwezekani tena. Lakini anaweza kutoboa njia nyingine, hapa ubavuni kushoto, choo kitoke tumboni na kuingia kwenye mfuko, mpaka mwisho wa siku zake. Bila hivyo utumbo utapasuka, kesho au keshokutwa.

Mjomba akauliza neno moja. "Nitasali?"

Daktari akasema hilo hajui. Anachojua ni kwamba ataishi miezi, pengine mwaka.

Mjomba akafumba macho. Mimi nikaingiwa na baridi, maana nilikuwa namjua. Mtu huyu alikuwa akirudia udhu kwa kushuku tone moja. Alisali safu ya mbele tangu ujana wake. Nilijua kwamba akiona mlango ule utamtoa kwenye sala, atasema nirudisheni nyumbani nikafe. Muuguzi akanong'ona, "Mzee, tukuitie shehe umwulize?"

"Shehe ni mimi," akasema. Hakufumbua macho. "Mtu ambaye mkojo haumkatiki, dini imemwambia nini? Ajioshe, ajifunge vizuri, atie udhu kwa kila sala, asali. Haikusemwa kitoke mlango gani. Mwambie huyu mama akate."

Wakakata. Tumbo likashuka jioni ile ile, akalala kama mtoto. Siku ya tatu wakafunua, na mimi nikageuza uso. Yeye akainama akatazama. Kile kinywa cha utumbo kilikuwa chekundu, kinang'aa, kama bibo lililoiva. Akasema, "Subhanallah. Ndani yetu kumbe kuna rangi nzuri." Miaka yote ile alikuwa ameshika matumbo ya watu kwa juu tu.

Mifuko ya hospitali tulipewa mitatu. Ikaisha. Tukaambiwa subirini, stoku itakuja. Haikuja, na sijapata kujua nani aliyeizuia, ningemtaja. Mjomba hakusubiri. Tuliporudi nyumbani aliagiza vitu vyake vya kazi: bafta ya sanda, pamba, kafuri, mkasi wake ule ule. Fundi aliyepimia mji mzima sanda akakaa kitandani akajipimia mwenyewe, naye yu hai. Alikata bafta duara yenye tundu katikati, akazungushia pamba, akatia mfuko mwembamba wa nailoni, juu yake bafta ya pili yenye kafuri iliyosagwa, na mkanda wa khanga kuukuu wa kufungia. Wa kwanza ulivuja. Wa pili ulivuja. Wa nne haukuvuja. Mara tano kwa siku, kabla ya kila sala, anafungua, anajiosha, anafunga upya. Mimi na ndoo yangu. Mikono yangu ilikuwa imezoea wasiosema.

"Taratibu, mjomba! Mimi bado nasikia baridi."

Ijumaa ya kwanza alipopata nguvu ya kutembea akavaa kanzu akaenda msikitini. Watu walikuwa wanamngoja kwenye baraza ya msikiti. Alikuwapo kijana mmoja wa kwetu, aliyerudi kusoma nje na ndevu ndefu, watu walianza kumwogopa wakati ule, na wakaja kumwogopa zaidi baadaye. Akasimama mlangoni. Akasema mzee huyu amebeba najisi ubavuni, hawezi kuingia katika safu, atawaharibia watu sala zao, na kuosha maiti pia asioshe tena. Imamu wetu alikuwa amesimama nyuma yake. Imamu ambaye mjomba alimwosha baba yake na mama wa mkewe akaandaliwa kwa sanda aliyoikata mjomba. Hakusema kitu. Alikuwa anatazama saa. Yule kijana angalau alisema analoliamini; huyu wa saa ndiye ninayemwandika hapa kwa wino mzito.

Mjomba hakupandisha sauti. "Mwanangu," akasema, "najisi ni kitu cha kuonekana au cha kunuswa. Njoo. Inama unuse."

Watu wakajongea. Yule kijana angefanyaje? Kukataa ni kuonekana anaogopa. Akainama karibu na ubavu wa mzee, akanusa. Akainuka uso umebadilika.

"Inanuka maiti," akasema.

"Ni kafuri," mjomba akamwambia. "Utaizoea tu."

Mtu mmoja huko nyuma akaangua kicheko, kicheko kikaenea baraza nzima, na katika kicheko kile mjomba akavua viatu akaingia. Hakukimbilia nyuma. Alikwenda safu ya mbele, mahali pake, mimi nyuma yake.

Sasa mfuko ule una jambo moja ambalo hakuna bafta ya kulizuia. Mlango ule wa tumboni hauna kizuizi, upepo ukija unatoka, mwenyewe hana amri. Katika sijida ya kwanza, msikiti mzima umenyamaza, ukatoka. Sauti ndefu. Nilitamani sakafu inimeze. Nikasikia mtu anajizuia kucheka, na mtu wa kushoto kwa mjomba alipoinuka aliinuka pembeni kidogo. Mjomba alikuwa katika sijida kama hakuna kilichotokea, na aliikamilisha kwa urefu wake wote. Sikuwahi kumwona mtu mwenye nguvu kuliko mgongo ule ulioinama.

Akarudi alasiri. Ndiyo, siku ile ile. Nilimwambia apumzike, sala ya alasiri asali nyumbani, leo imetosha. Akasema hajatoboliwa tumbo ili asali nyumbani. Tukajiosha, tukafunga mkanda, tukaenda, safu zikapangwa. Mtu wa kushoto akasimama mbali naye, kiasi cha mtu mzima kupita katikati. Nikamkasirikia, nikamkazia macho, nikawa natafuta jina la kumwita mlangoni tukitoka.

Mjomba alikuwa anatazama mkeka. Upande wangu, siyo wa kushoto. Akasema kwa sauti ya chini, ile ya barazani, "Mjomba, hapa katikati yetu umemwekea nani?"

Nikatazama. Kulikuwa na pengo. Miguu yangu ilikuwa imejitenga yenyewe, shibiri mbili nzima, na mimi sikuiagiza.

Nikasogea mpaka bega langu likagusa lake. Lilikuwa limekonda, lina joto. Yule wa kushoto naye, sijui kwa aibu au kwa nini, akasogea. Imamu akakimu sala, mjomba akainua mikono.